Mzee Uvundo Hakustaafu

Nilipostaafu nilikabidhi kila kitu kwa utaratibu: pikipiki ambayo breki yake ya nyuma inataka kubembelezwa, bomba la kupulizia dawa, buti, ndoo zenye koki na funguo za stoo ya klorini. Kijana aliyenipokea alikagua kimoja kimoja, akatia saini, akanitakia mapumziko mema. Lakini yuko mfanyakazi mmoja wa idara yetu ambaye sikumkabidhi kwa mtu, kwa sababu hajawahi kuajiriwa na hakuna anayejua anakolala. Nimekuwa naye miaka yangu yote ya kazi Bariadi na Itilima, na ninyi mnaoanza mtakutana naye wiki ya kwanza. Anaitwa Mzee Uvundo.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Vilikuja vichache, vilichelewa, na aliye navyo anavijua mwenyewe. Nitaandika kuhusu huyu mzee na mtu aliyenitambulisha kwake.

Nilifika Bariadi nikiwa binti wa Kipare mwenye cheti kipya cha afya ya mazingira na sanduku la bati. Kisukuma sikujua hata neno. Nchi yenyewe ilinitisha kidogo kwa uwazi wake; nilikuwa nimezoea milima ya Same, na hapa macho hayakupata mahali pa kuegemea. Wananchi waliniita "bwana afya" tangu siku ya kwanza, maana ndilo jina la kazi yetu midomoni mwa watu. Nilipowaeleza kwamba mimi ni mwanamke walinisikiliza kwa adabu, wakajadiliana, kisha wakaniita "mayu bwana afya", yaani mama bwana afya. Nikaona yaishe.

Aliyenipokea ofisini alikuwa Maduhu, Msukuma mrefu wa upande wa Migato, mwenye kofia ya pama na sauti ya chini. Alikuwa bwana afya kabla mimi sijaanza shule. Alinionyesha meza yangu, akanionyesha mtungi wa maji, kisha akasema kwa uso mkavu:

"Binti, hapa ofisini tuko watatu."

Nilitazama huku na huku. Viti vilikuwa viwili.

"Wa tatu ni Mzee Uvundo," akasema. "Yeye hakai. Anazunguka."

Akanieleza, kama mtu anayemsimulia mjomba wake aliyekorofisha familia. Zamani, huko Ulaya, madaktari wote walikuwa chini ya Mzee Uvundo. Aliwafundisha kwamba magonjwa yanatokana na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye mizoga, vinamasi na mitaro, na kwamba anayeivuta ndiye anayeugua. Kipindupindu alisema ni harufu. Homa alisema ni harufu, na hata jina la malaria maana yake ya asili ni hewa mbaya. Jina hilo limebaki mlangoni hata baada ya bosi mwenyewe kuondoka. Kisha wakaja watu wenye hadubini, wakaviona vijidudu, wakawafuata mbu, na Mzee Uvundo akafutwa kazi.

"Ila huku hakuna aliyemwambia," Maduhu akamaliza. "Anaendelea na kazi."

"Kwa hiyo ni mwongo?" nikamuuliza.

"Njia anaikosea. Mara nyingi anafika."

Tangu siku hiyo nikawa namwona. Kichwani kwangu alikuwa mzee mwembamba mwenye pua ndefu, leso mkononi na koti zito hata jua la Septemba likiwaka. Macho yake ni mabovu, ndiyo maana anategemea pua. Tulipokwenda machinjioni alikuwa ametutangulia. Tulipoingia kwenye uwanja wa mtu na mama mwenye nyumba akaanza kufagia mavi ya mbuzi kwa haraka huku akiomba radhi kwa harufu, nilijua mzee amepita na amemsalimia. Na kwa kweli palipokuwa naye palikuwa pasafi kuliko ambapo hakufika.

Lakini niliona pia anavyodanganyika. Kulikuwa na mgahawa mmoja sokoni ambao mwenyewe alifukiza ubani kila asubuhi, na chai yake ilijaa iliki. Hakukuwa na jiko lenye harufu nzuri kuliko lile mjini, nami nilikula pale mwenyewe kwa furaha. Wateja wake waliharisha kwa zamu. Maduhu alikwenda nyuma, akakuta sahani zote zinasuuzwa kwenye beseni moja tangu alfajiri, kwa maji yaliyokuwa yamekuwa supu. Aliporudi aliniambia Mzee Uvundo ameonekana akiinywa chai ile, na ameisifu. Beseni tulilimwaga sisi wenyewe.

Zana za Maduhu zilikuwa tochi, kijiti kirefu cha kupimia kina cha shimo, na pamba. Pamba ndiyo iliyomfanya ajulikane. Alipoitwa kuchagua mahali pa kuchimba choo alisimama katikati ya uwanja, akatoa donge mfukoni, akanyofoa nyuzi kidogo, akainua mkono na kuziachia. Watoto walizikimbilia. Zilikoelekea ndiko choo kilikochimbwa, ili harufu iende mbali na nyumba. Nchi ile kila kaya inalima pamba, hivyo kila mtu alilielewa somo lake bila mkalimani. Vijiji vilivyokuwa vimekataa vyoo miaka na miaka, vikisema porini ni pakubwa, vilichimba kwa Maduhu.

"Kinachonuka ndicho kinachoua," aliwaambia, nao wakarudia.

Nilimuuliza njiani kwa nini hawaambii habari ya vijidudu.

"Nimewaambia sana," akasema. "Wananiuliza wanafananaje, nawaambia hawaonekani, wanacheka. Pua kila mtu anayo."

Vyoo vilichimbwa, na kuhara kwa watoto kulipungua vijiji vingi. Nilimpenda mzee yule kwa sababu alikuwa anatenda kazi ya watu kumi bila posho, na nilimpenda Maduhu kwa namna alivyojua kumtuma.

Miaka ikapita. Maduhu akastaafu, akarudi kijijini kwao, jirani na dada yake mkubwa aliyeitwa Kwandu. Kijiji chenyewe sitakitaja. Kiko upande wa Migato, kimekaa juu ya mto unaokauka kila kiangazi. Ukikauka, watu huchimba visima kwenye mchanga wa mtoni, maji yakachujika taratibu hadi yakawa kama kioo. Kila kisima kina mwenyewe, na mwenyewe hukifunika kwa miiba ng'ombe wasikiharibu. Kisima cha Kwandu kilikuwa na maji matamu kuliko vyote. Hakuwahi kumnyima mtu, na msiba ukitokea kitongoji kizima kilichota kwake.

Mwaka ambao mvua zilichelewa sana, kipindupindu kikaingia pale baada ya msiba mmoja. Mkwe wa Kwandu, aliyeitwa Limi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Nilipofika zahanati nilimkuta ana dripu mikono yote miwili, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiivuta inabaki imesimama. Alikuwa na mtoto anayetambaa, na mtoto alikuwa amebaki nyumbani kwa bibi yake.

Nikachukua ndoo na klorini, nikaenda, nikapitia kisimani kwa Kwandu kuchota. Kwandu nilimkuta uwanjani, mtoto mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia.

"Mwangaluka. Pole na safari. Ndoo hiyo ya nini?"

Nikamwambia ni maji kutoka kwenye kisima chake, nimeyatia dawa, na kwamba kuanzia sasa kila anayechota atiliwe dawa. Aliinama, akanusa, akajiinua.

"Yananuka."

"Ni dawa, mayu."

"Mdogo wangu Maduhu alitufundisha kinachonuka ndicho kinachoua. Wewe ulikuwa naye, nakukumbuka, ulikuwa mwembamba." Aliingia ndani akaleta kata yenye maji yake. "Haya nayo nusa."

Nikanusa. Yalikuwa hayana harufu yoyote.

"Yananuka?"

"Hayanuki."

"Basi," akasema, akamnywesha mjukuu wake kidogo mbele yangu. Ndoo yangu akaimwaga kwenye mche wa mpapai.

Niliogopa kama ambavyo sijawahi kuogopa kazini. Mtu mzima akianza kuharisha asubuhi unaweza kumwahi. Mtoto wa umri ule, kwa umbali ule, tungemzika tukiwa bado tunatafuta pikipiki. Na kitongoji kizima kilifuata pua ya Kwandu. Kwenye kila nyumba niliyotilia maji dawa, nilipopita tena nilikuta ndoo imemwagwa, na mahali penye unyevu wake pamenyunyiziwa majivu.

Nikaenda kwa Maduhu. Alikuwa ameshasikia. Alivaa kofia yake, tukashuka mtoni. Vyoo vya kitongoji vilikuwa vimepangwa kwenye ukingo, safi, vina milango, vingine vimepakwa chokaa. Maduhu alisimama mbele ya nyumba ya kwanza na, kwa mazoea, akaingiza mkono mfukoni. Akaachia pamba. Ikaelea kutoka kwenye nyumba, ikapita juu ya vyoo, ikashuka mtoni na kutua kwenye mchanga, hatua chache kutoka kwenye miiba ya kisima cha dada yake.

Tuliitazama wote wawili. Kisha akaomba chupa yangu ya maji, akaenda nyuma ya choo kimoja, akamimina. Maji yakatafuta njia yake kwenye udongo, yakashika mteremko, yakaelekea kule kule. Maduhu akaketi chini na kofia yake magotini.

"Mimi nilifuata upepo," akasema. "Vyoo hivi vyote nimevichagulia mahali mimi."

Nilimwambia alivichagua vizuri kwa harufu. Ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Tulirudi kwa Kwandu. Maduhu akaanza kwa salamu ndefu, akauliza habari za ng'ombe, akamalizia kwa kumwambia dada yake kwamba maji ya kisima yana ugonjwa ingawa hayanuki.

"Wewe mwenyewe ulisema kinachonuka ndicho kinachoua."

"Nilisema nusu, dada."

"Nusu nyingine ulikuwa umeiweka wapi miaka yote hii?"

Maduhu alitazama chini. Nimemwona akibishana na wenyeviti, na wachinjaji wenye visu mkononi, lakini siku hiyo alivua kofia mbele ya dada yake.

Ndipo nikakumbuka chupa. Kwenye mkoba wangu kulikuwa na vichupa vya kupimia maji, vile vyenye karatasi ndani yenye dawa. Unajaza maji, unafunga, unaweka mahali penye joto. Maji yenye uchafu wa choo, siku ya pili au ya tatu, yanageuka meusi, na ukifungua yananuka yai viza. Maji safi yanabaki na rangi ya chai hafifu. Nikamwambia Kwandu kwamba sitaki aniamini mimi wala ndugu yake. Achote mwenyewe, ajaze mwenyewe, akae nazo mwenyewe. Chupa moja ya maji ya kisima, nyingine ya maji hayo hayo yaliyochemshwa jikoni kwake.

Alifikiri. Akajaza. Ya kisima akaifunga uzi mwekundu, akazivingirisha zote mbili kwenye upindo wa kitenge, zikalala tumboni mwake kwenye joto.

"Mpaka zijibu, mtoto anywe uji tu," nikamwomba.

"Uji sawa. Kisima sifungi."

Siku zile mbili zilikuwa ndefu. Maduhu alishinda zahanati akibeba ndoo za wagonjwa, kazi ambayo hakuna aliyemtuma, na kila alipopita kitandani kwa Limi alisimama kidogo. Jirani mmoja, baba wa watoto wakubwa, alifariki kabla dripu ya pili haijaisha. Alikuwa amechota kwa Kwandu. Maduhu alichimba kaburi pamoja na vijana, wakamwambia apumzike, akakataa.

Kwandu alikuja mwenyewe, mapema, mtoto mgongoni, akatukuta uwanjani kwa Maduhu. Alifungua upindo wa kitenge. Chupa moja ilikuwa na rangi ya chai. Yenye uzi mwekundu ilikuwa nyeusi tii.

Mafunzoni tuliambiwa chupa zile zisifunguliwe ovyo. Nilinyoosha mkono kumzuia, nikachelewa. Harufu ilitoka ikajaa uwanja, kuku wakaondoka. Kwandu aliisogeza puani, akafumba macho, akampa ndugu yake.

"Nusa."

Maduhu akanusa.

"Ndiye anayeua?" dada yake akamuuliza.

"Ndiye."

"Alikuwa amejificha humu muda wote, nami nawapa watu."

Nilimwona Mzee Uvundo akichungulia kwenye shingo ya ile chupa, leso mkononi, ameshangaa kuliko sisi. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Lakini Maduhu alikuwa amelipia sana ile nusu yake, nami sikutaka kumwachia Kwandu nusu nyingine ya ukweli. Nikamwambia Kwandu kwamba harufu haikuwamo kwenye maji. Waliomo ni wadudu wadogo wasioonekana. Chupa imewapa chakula, wamezaliana, na hao ndio waliotoa harufu. Harufu yenyewe haiui mtu, na chupa imetuonyesha uchafu wa choo, haikutuonyesha kipindupindu chenyewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wananuka wakishiba," akasema.

"Wakishiba, ndiyo."

"Basi anza kutia dawa yako. Nayo inanuka, lakini inanuka kama kitu kinachoua wadudu."

Kisima alikwenda kukiziba kwa mikono yake, akakata miiba mingine akaipanga juu mpaka pasionekane mchanga. Hakumwita kijana kumsaidia. Alipomaliza alipita nyumba hadi nyumba na ile chupa nyeusi, akawanusisha. Mchana huo klorini yangu iliisha, nikalazimika kuagiza nyingine.

Limi alipona. Alitoka zahanati amekonda, akamnyonyesha mtoto wake mlangoni bila kumsalimia mtu kwanza. Vyoo vya ukingoni vilifukiwa, cha kwanza kikafukiwa na Maduhu, na vipya vikachimbwa upande wa pili wa kitongoji, ambako mteremko hauendi mtoni. Tatizo ni kwamba upepo wa huko unarudi nyumbani. Kwa mara ya kwanza jioni zikawa na harufu mpaka uwanjani. Watu walilalamika, wakazoea, wakaweka vifuniko. Mzee Uvundo alikaa nao karibu kiangazi kizima, na hakuna aliyeugua kwa ajili yake.

Kwa hiyo ninyi mnaoanza, msimfukuze. Hatoki. Atawasaidia sokoni, machinjioni na kwenye mitaro, na kuna siku mtu hatawaelewa mpaka mmlete yeye kama shahidi. Lakini mkiwa mnachagua mahali pa choo, mwageni maji chini kabla hamjarusha pamba. Maduhu alinifundisha hivyo miaka yake ya mwisho, na kila aliponifundisha alinipa na chupa ya kumwagia, kana kwamba nitasahau.

Maduhu alifariki muda mfupi kabla sijastaafu. Nilifika msibani mchana, jua kali, watu wamejaa hadi barabarani. Langoni pa uwanja alikuwa ameketi Kwandu, sasa mzee kabisa, macho yake hayaoni vizuri. Kila mwanamke aliyeleta ndoo ya maji kichwani aliiteremsha mbele yake. Kwandu aliinama, akanusa, na kwa mkono akamwonyesha apite. Mmoja alirudishwa. Maji yake hayakunuka. Alipelekwa pembeni kwa Limi, aliyesimama na kopo la klorini na kijiko, na binti yake mkubwa akimshikia ndoo.

Nilipofika aliniuliza ni nani. Nikamwambia ni mayu bwana afya. Alinishika mkono, nami nikaanza kulia, maana nilikuwa nimejizuia tangu Bariadi.

Akachota kata ya maji kwenye ndoo iliyokuwa karibu naye, akaninyooshea.

"Nusa kwanza."

Nikanusa. Klorini ilikuwa kali mpaka ikanichoma pua.

"Yananuka?"

"Yananuka, mayu."

"Basi kunywa," akasema, "uingie ukamuage."